Nyama ya Pori ya Missouri Haiko ya Bure
Maneno ya timu yetu ya terrain mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba



Kuna picha moja imezunguka sana katika telefone zenu. Ndugu yetu mmoja, aliyetoka kambi ya Nyarugusu akapelekwa Marekani katika jimbo la Missouri, amesimama kando ya kulungu mkubwa mwenye pembe za matawi. Tukasikia watu wanasema: "Muone, kule wanaua nyama bila shida, na hapa komite inataka kutukatalia mitego ya waya!" Kabla ya kura ya leo, tunaomba tueleze ile picha.

Kwanza, ile nyama iliwahi kuisha. Mwaka 1925 walikadiria kwamba kulungu waliobaki Missouri nzima hawafiki 400. Dindo wa pori, ambaye wengine wanamuita bata mzinga, naye alikaribia kupotea. Haikuwa vita. Watu walikata miti, wakawinda bila mpaka, wakauza nyama sokoni.

Mwaka 1936 raia wenyewe walipiga kura, wakaweka katika katiba ya jimbo lao tume ya kulinda pori na wanyama. Uwindaji wa kulungu ulifungwa. Ulipofunguliwa tena mwaka 1944, ulikuwa wa siku 2 tu, na madume tu.

Kwa dindo walikosea kwanza. Walifuga maelfu, wakawaachilia porini. Wakafa, juu hawakujua maisha ya pori. Ndipo kuanzia miaka ya 1950 wakakamata dindo wa pori wenyewe, wachache wachache, na kuwapeleka kwenye misitu iliyobaki tupu. Sisi tunaojua kupakiwa kwenye lori na kuteremshwa mahali pengine, tunaelewa hiyo kazi. Wale wakazaa. Mwaka 1960 walifungua uwindaji wa siku 3, na katika jimbo zima waliuawa dindo 94 tu.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Kabla ya kushika bunduki, sherti asome mafunzo ya uwindaji, kama kila aliyezaliwa tangu 1967. Sherti anunue ruhusa, avae nguo ya rangi ya machungwa ili mwenzake asimpige risasi, na aombe mwenye shamba kabla ya kuingia. Akiua, siku ileile kabla ya saa nne ya usiku atangaze mnyama wake kwa telefone. Na nyama hawezi kuuza hata kipande. Akivunja, ni amande.

Tena hawalipi wawindaji peke yao. Tangu kura ya 1976, kila mtu akinunua kitu, senti 1 kwa kila dolari 8 inaenda kulinda pori. Na tangu 1992 kuna mpango ambapo muwindaji anatoa nyama ya kulungu, buchari inakata, na wenye njaa wanapewa. Hiyo ni mutualite kama yetu!

Lakini tusidanganyane. Muwindaji wa kule akikosa kulungu, anaenda dukani. Baba wa hapa akikosa, watoto wanalala na njaa. Sisi wa terrain tulikosea pia: tulibandika mabango ya "usiwinde", na hatukuacha hata sungura mmoja nyuma yake. Mabango yalianguka, mitego ikabaki. Na mtego wa waya hauchagui: unakamata jike mwenye mimba, unakamata mbwa wa jirani.

Kwa hiyo hatuwaombi muige Missouri. Tunaomba mambo matatu: mitego ya waya itoke; miezi ambayo wazee wetu wawindaji wanajua kwamba wanyama wanazaa, pori lipumzike; na kila anayeua aandikishe katika daftari la komite, na paja moja liende kwa wajane na kwa familia zilizorudi juzi.

Kwenu wafadhili: kanuni bila chungu jikoni haidumu. Mbuzi na sungura waje kwanza, waya zikusanywe nyuma yake.

Wanyama nao ni warudishwa. Wanarudi pale wanapoachiwa nafasi. Kura ni yenu.