Macho yanasafiri, mwili umekaa

Msikilizaji, aliyewahi kupanda gari kutoka Bigwa kwenda Mkuyuni huku ameinamia simu anaijua hali hii: kona za Uluguru hazijaisha, mate yamejaa mdomoni, na tangu rambo zipigwe marufuku mwaka 2019 konda naye hana cha kukupa. Miwani ya uhalisia pepe huleta kichefuchefu hichohicho, ila kwa kinyume. Garini sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho hayauoni. Kwenye miwani macho yanaona mwendo, mwili umetulia kitini. Mwaka 1882 Mmarekani William James aliandika kwamba wengi kati ya viziwi aliowachunguza walizungushwa bila kuhisi kizunguzungu, au kidogo tu. Sikio ndilo lenye kesi.

Kwa hiyo wanaosema “kaza tu, utazoea” mimi siwaungi mkono. Mazoea huja kwa vipindi vifupi. Ukianza kupiga miayo au kutoka jasho la baridi, vua. Anza na michezo ya kusimama mahali pamoja, feni ikikupuliza usoni. Na ukishavua, usikimbilie kuendesha bodaboda. Kizunguzungu huweza kubaki kwa saa kadhaa.