Mtoto wa Maskini na Shahada ya Hisabati

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita, Arusha)



Shukrani zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wazazi, nanyi vijana wetu. Tumeombwa tuzungumze juu ya kuchagua masomo ya chuo kikuu, nasi tumeona tujifunge katika somo moja tu, nalo ni hisabati. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2021 na 2022, waliofaulu hisabati nchini walikuwa kiasi cha mtahiniwa mmoja katika kila watano. Basi kijana wa Ngarenaro au Sombetini, au aliyeshuka kutoka vijiji vya Mlima Meru, akafika kidato cha sita na alama nzuri za hisabati, huyo ameshika bidhaa adimu. Khofu yetu ni asije akaipoteza kwa kupenda jina la shahada bila ya kuuliza inampeleka wapi.

Mtoto wa tajiri akichagua vibaya, baba yake atamlipia shahada ya pili. Mtoto wa mama auzaye mboga soko la Kilombero hana nafasi ya pili. Na huko mlimani kihamba kimegawanywa kizazi baada ya kizazi; ndizi na kahawa za kipande kilichobaki hazisomeshi watoto wanne.

Wako wanaodhani kwamba hisabati ni elimu ya wengine. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha al-jabr Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun (813–833), alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Sisi tusomeshao faraidh madrasa twajua kwamba asiyeweza kugawa sehemu hawezi kugawa mali ya yatima.

Sasa, shahada ipi? Rai yetu ni kwamba kijana wa nyumba isiyo na uwezo atangulize ile yenye mlango wa kazi mara tu amalizapo, na nyuma ya mlango huo pawe na mwingine. Ualimu wa hisabati pamoja na fizikia unadharauliwa na vijana wetu, nasi hatuoni sababu. Matangazo ya ajira za walimu yamekuwa yakiwapa kipaumbele walimu wa sayansi na hisabati, na asiyeajiriwa haraka hakosi wanafunzi wa masomo ya ziada. Kisha iko takwimu. Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961, kinatoa shahada ya takwimu rasmi. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya hisabati na takwimu. Mtakwimu huhitajiwa hospitalini, benki, wizarani na katika miradi ya kilimo.

Hisabati za bima na pensheni, zinazosomeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zina sifa ya mshahara mnono. Ni kweli mifuko kama NSSF na PSSSF huhitaji wataalamu hao, na bima za takaful zitawahitaji pia. Lakini mzazi ajue kuwa wengi hawahesabiwi wataalamu kamili mpaka wafanye mitihani ya taasisi za nje, ambayo ada zake hulipwa kwa fedha za kigeni. Hisabati tupu nayo ni elimu tukufu. Aichukue mwenye azma ya kuendelea hadi shahada ya uzamili. Hapa pana kosa linalorudiwa kila mwaka: Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, iliyoanza kufundisha mwaka 2011, haipokei wahitimu wa kidato cha sita. Ni ya shahada za juu.

Tuje kwenye fedha. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na wengi wetu tuliuogopa mkopo wake kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 kila mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha. Khofu ile ilikuwa na haki. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Makato ya asilimia 15 ya mshahara yapo, lakini kurejesha deni ni wajibu tunaoujua. Aliyebaki na shaka awaulize wanazuoni, asinyamaze tu na kumwacha mtoto nyumbani. Na waliofaulu sana masomo ya sayansi wana ufadhili wenye jina la Rais Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ambao si mkopo.

Linalotuumiza zaidi ni hili. Sisi huzika upesi, na hiyo ndiyo Sunna. Lakini tukishazika hatwendi RITA kuchukua cheti cha kifo. Miaka kumi baadaye yatima anaomba mkopo, anatakiwa kuthibitisha kuwa baba yake amefariki, naye hana karatasi. Jamaa wote waliolibeba jeneza wapo, lakini mashahidi hao Bodi haiwatambui. Tumewaona vijana wakikosa chuo kwa ajili hiyo, na wenye uwezo wakipata.

Ikibaki nauli na godoro, hilo ni letu sote. Mwaka 1952 Wameru walichangishana wakampeleka Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi ya Engare Nanyuki waliyoondolewa kwa nguvu mwaka 1951. Nasi tunashindwa nauli ya Dodoma?

Kila Jumamosi baada ya Alasiri, mpaka dirisha la maombi lifungwe, tutakaa hapa na mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu. Kijana aje na mzazi au mlezi wake, na cheti cha kuzaliwa. Mwenye kufiwa na mzazi aje mapema zaidi, maana uhakiki wa vyeti RITA huchukua muda.

Wabillahi tawfiq.