Samani za Mbao katika Kumbi za Kulia za Mahoteli: Kazi Asiyoiweza Fundi Peke Yake

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Busawe)



Ni vigumu kukuta kijiji kikubwa katika wilaya za Serengeti na Tarime kisicho na seremala. Vitanda, milango, madawati ya shule na majeneza hutoka mikononi mwa mafundi hao, na kwa kazi hizo hawana wa kuwashinda. Lakini kusini-mashariki mwa Busawe ipo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, na ndani yake na pembezoni mwake yapo mahoteli ambamo, kwa baadhi yake, mgeni hulipa kwa usiku mmoja fedha inayotosha kununua ng'ombe. Mgeni huyo hula chakula chake cha jioni juu ya meza ya mbao, naye hukalia kiti cha mbao. Swali la mazungumzo haya ni dogo: seremala wa Busawe anakosa nini hata kiti kile kisiwe chake?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba hana ujuzi. Jibu hilo si la haki. Fundi anayeweza kuunga mlango wa mninga usiolegea kwa miaka 20 anaweza pia kuunga kiti. Wengine husema hana mashine. Mashine husaidia, lakini viti vya enzi vya Lamu na Zanzibar, vinavyosifiwa na kila aliyeviona, viliundwa na mafundi wasiojua umeme. Viti hivyo, vilivyotengwa kwa ajili ya mgeni mwenye heshima, vilifungwa kwa viungo vya ulimi na tundu, vikapambwa kwa vipande vya mifupa na pembe za ndovu, na mgongo wake ukajazwa kamba zilizosukwa. Kamba zile hazikuwa pambo tu. Ubao mpana ungeliweza kupasuka. Kamba iliyosukwa haipasuki. Mafundi wa pwani waliujua ugonjwa wa mbao, wakaukwepa.

Ugonjwa wenyewe ni maji. Mti uliokatwa umejaa maji, na sehemu ya maji hayo hutoka mapema bila madhara. Kiasi chake kinaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, yale yaliyoshikwa na nyuzi zenyewe huanza kutoka, na hapo ndipo mbao husinyaa. Kwa urefu haisinyai kiasi cha kuonekana. Husinyaa kwa upana na kwa unene. Meza ya mkaratusi yenye upana wa sentimita 90, ikiundwa kwa mbao mbichi, yaweza kupoteza sentimita mbili au zaidi ikishakauka. Ikiwa fundi ameikaza kwa misumari pande zote, sentimita hizo zitatafuta pa kutokea, nazo zitatokea katikati ya meza kwa namna ya ufa.

Sasa chukueni mfano wa seremala mwenye banda lake kando ya barabara. Jumatatu amepata oda na malipo ya awali. Jumanne amenunua mbao, kwa kuwa fedha ya kununua mapema hakuwa nayo. Mbao ile ilipasuliwa wiki mbili zilizopita. Jumamosi meza imekwisha, inang'aa kwa vanishi, na kila mtu ameridhika. Inapelekwa hotelini, ndani ya ukumbi wenye moto wa kuni jioni za baridi, au wenye mashine ya kupooza hewa. Mwezi wa tatu ulimi umelegea katika tundu lake, kiti kinalia kila mgeni anapojinyoosha, na juu ya meza umejitokeza mfereji unaokusanya makombo. Meneja haagizi tena. Mkono wa fundi haukukosa neno. Kilichokosekana ni muda, na muda wa namna hiyo ni fedha iliyolala, ambayo fundi mwenye watoto wa shule hawezi kuilaza.

Hapa ndipo penye kazi ya chama. Chama kinaweza kungoja. Vyama vya ushirika huweka mazao ghalani yakisubiri mnunuzi. Mbao nayo ni zao la kuwekwa ghalani, ila yenyewe huongezeka thamani ikiwa imelala. Banda la kukaushia halihitaji gharama kubwa: paa lisilovuja, pande zilizo wazi ili upepo upite, na misingi inayoinua mbao kiasi cha sentimita 40 kutoka ardhini, ardhi yenyewe ikiwa imesafishwa majani. Kati ya safu na safu huwekwa fito kavu za unene wa milimita 25, kila baada ya sentimita 60 hivi. Fito hizo hapana budi zifuatane wima, moja juu ya nyingine, la sivyo mbao zitapinda kama mgongo wa ngamia. Ncha za mbao hupakwa rangi nzito au nta ili zisikauke upesi kuliko kiwiliwili na kupasuka. Juu ya yote huwekwa mawe, na mawe katika mkoa wa Mara si haba.

Muda wa kungoja hutegemea mti na unene wake. Mninga hukauka polepole lakini kwa adabu, husinyaa kidogo sana, na ndiyo sababu maseremala wa nchi hii wanaupenda. Mvule nao hutulia, ingawa ndani yake mara nyingine mna vijiwe vya chokaa vinavyoumiza meno ya msumeno. Mkaratusi ni mkaidi: hupinda, hupasuka, na ukiharakishwa hubonyea. Ubao wa inchi moja huchukua miezi kadhaa. Ubao wa inchi mbili wa miguu ya meza waweza kupita mwaka.

Katibu asiyekuwa seremala atajuaje kwamba mbao imekauka? Asitegemee kugonga kwa kidole. Kipande kidogo kikatwe, si katika ncha bali sentimita 30 hivi ndani ya ubao, kipimwe uzito papo hapo, kisha kikaushwe katika oveni ya nyuzi 103, kama zile za maabara, mpaka uzito wake usipungue tena. Uzito uliopotea ugawanywe kwa uzito mkavu, uzidishwe kwa 100. Kipande kilichokuwa gramu 250 na kubaki gramu 200 kilikuwa na maji asilimia 25: hicho hakijafaa. Kwa samani za ndani, asilimia 12 au chini kidogo ndiyo inayotafutwa. Kipima unyevu cha umeme hufanya kazi hiyo kwa dakika moja, na kifaa kimoja chaweza kuhudumia vyama kadhaa. Kila rundo liwe na ukurasa wake katika daftari: aina ya mti, unene, tarehe ya kupangwa, na vipimo vya kila mwezi. Daftari hilo litunzwe kama daftari la hisa.

Juu ya mahali pa kupata mbao, neno moja la ukali linahitajika. Ndani ya hifadhi na mapori ya akiba hapakatwi kitu. Nje yake, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inataka leseni, na mbao zikisafiri zitembee na hati yake kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Chama kinachonunua mbao za usiku kitapoteza mbao, gari na jina kwa siku moja. Zaidi ya hayo, mahoteli yenye wageni wa mbali huulizwa mbao ilitoka wapi. Mwaka 2009 misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha FSC, cha kwanza cha aina hiyo barani Afrika, na kwa cheti hicho mpingo wao ukapata njia ya kwenda kwa wanunuzi waliokuwa wakidai ushahidi.

Somo jingine liko Mombasa. Ushirika wa wachonga vinyago wa Kikamba, ulioanzishwa mwaka 1963, ulitegemea kwa muda mrefu mpingo na muhugu, mpaka miti hiyo ikawa adimu. Miaka ya 1990 wachongaji walianza kuhimizwa kutumia miti ya mashambani: mwarobaini, mwembe, mjakaranda na mgrevilea. Mgrevilea hupandwa kwa kivuli katika mashamba ya kahawa na chai, na kahawa hulimwa Tarime. Ubao wake una maua yanayopendeza macho, hasa ukipasuliwa kuelekea kiini. Kwa hiyo mwanachama mwenye miti mikubwa shambani ana mtaji uliosimama, nao usiishie katika tanuri la matofali kabla chama hakijauona.

Kuhusu uundaji hapana haja ya maneno mengi mbele ya mafundi. Meza ya kulia iwe na kimo cha sentimita 75 na kiti sentimita 45, na kila mlaji apewe sentimita 60 za ukingo. Uso wa meza usipigwe misumari. Ushikwe na vibao vidogo vinavyoteleza katika mifereji, ili mbao ipate kupumua masika na kiangazi, kwani hata iliyokauka hutanuka na kusinyaa kidogo. Sehemu nyeupe ya nje ya mninga iondolewe, maana dudu huipenda. Matambara yaliyotumika kupaka mafuta ya kitani yasirundikwe pembeni ya karakana: hujipasha joto yenyewe na kuwaka moto bila kiberiti, na moto wa namna hiyo utakula akiba ya mwaka mzima ya wanachama wote.

Limebaki jambo la kufanana. Hoteli haiagizi kiti. Huagiza viti 40, na vyote vitakaa ukumbi mmoja chini ya taa moja. Mafundi watano watafanya viti vya aina tano iwapo kila mmoja atapima kwa jicho lake. Kwa sababu hiyo kila oda ianze na kiti kimoja cha mfano, kikubaliwe na mnunuzi kwa maandishi, kisha zitengenezwe kalibu za mbao za kila kiungo. Kila fundi agonge namba yake chini ya kikalio, ili kiti kikirudi na kasoro kiende kwa mwenyewe, na malipo yafuate namba hiyo hiyo. Kiti cha mfano na kalibu zake zisibaki kwa fundi, hata akiwa hodari kiasi gani. Zitunzwe na katibu, ofisini, zimetundikwa ukutani, kwa kuwa baada ya miaka mitatu hoteli itahitaji viti vinne vya kujazia vilivyovunjika, na wakati huo fundi yule huenda akawa amehamia Musoma.