DAKIKA ZA ZIADA SI MAKSI ZA ZIADA

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wa Kitui na Makueni)



 

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wangu mliotoka Kitui mjini, Mutomo, Wote, Kibwezi na hadi Mtito Andei, nimeombwa nizungumze juu ya kazi niliyoifanya kwa miaka kadhaa: kuongoza ofisi ya chuo kikuu inayowahudumia wanafunzi wenye ulemavu. Wengi hudhani ni kazi ya kugawa magongo na viti vya magurudumu. Basi naomba nianze na kisa kilichonifunza mimi mwenyewe, na chuo chenyewe sitakitaja.

Kulikuwa na kijana mmoja mwenye uoni hafifu. Muhula wa kwanza hakusema lolote. Alikaa kiti cha mbele, akikaza macho kwenye ubao, na usiku akiwaomba wenzake wa hosteli wamsomee. Akaanguka masomo mawili. Muhula wa pili rafiki yake akamshika mkono, akamleta ofisini kwangu. Nikamuuliza, "Mbona hukuja mapema?" Akanijibu, "Mwalimu, mama aliniambia nikisema sioni vizuri watanirudisha nyumbani."

Nikaandika barua kwa idara yake: huyu apewe karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa, na aongezewe muda. Nikaweka nakala kwenye faili, nikaona nimemaliza kazi.

Siku ya mtihani ikafika. Msimamizi hakuwa na habari yoyote, akampa karatasi kama ya wengine. Kijana akalalamika. Ikatafutwa mashine ya fotokopi, na stima ikapotea. Alipopata karatasi anayoweza kuisoma, saa nzima ilikuwa imekwisha, na muda wa kuongeza hakupewa. Hakumaliza maswali.

Alipokuja kwangu hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, sasa karo ya kurudia atalipa nani?" Wallahi sikuwa na jibu. Barua yangu ilikuwa sahihi, lakini ilikuwa ndani ya faili, na faili haifanyi mtihani. Kijana yule alihitimu, alhamdulillahi, lakini mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Tangu siku hiyo niliifanya kazi kwa njia nyingine. Kabla ya muhula kufunguliwa, unaitisha orodha ya wanaoingia. Unakaa na kila mmoja. Humuulizi "una ugonjwa gani?" Unamuuliza "wewe husoma vipi? Huandika vipi? Darasani unafikaje?" Kwa sababu wawili wasioona si sawa. Mmoja anasoma Breli, mwingine hajui hata nukta moja lakini anatumia kompyuta yenye programu ya kusoma skrini. Iko NVDA, ambayo ni ya bure kabisa.

Kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya ishara, na mkalimani naye anahitaji kupata maandishi ya somo mapema. Akikutana na maneno ya kemia mara ya kwanza mbele ya darasa, atayafasiri vipi? Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji somo lake lihamishwe kutoka ghorofa ya pili hadi chini. Na wako wale ambao ulemavu wao hauonekani: mwenye kifafa, mwenye shida ya kusoma na kuandika ingawa akili yake ni kali, mwenye maradhi ya akili anayetumia dawa. Hawa ndio hupotea kimya kimya.

Halafu unafuatilia. Wiki moja kabla ya mtihani unaenda mwenyewe: karatasi iko wapi? Chumba ni kipi? Stima ikipotea itakuwaje? Msimamizi ni nani, na anajua? Kuongoza ofisi hii ni kuuliza maswali ya namna hiyo mpaka watu wakuchoke.

JE, HUU SI UPENDELEO?

Swali hili nimeulizwa na wahadhiri, na hata na wanafunzi. "Kwa nini yeye aongezwe dakika na mimi nisiongezwe?"

Hebu tutazame dini yetu. Asiyeweza kusimama huswali amekaa, na asiyeweza kukaa huswali amelala kwa ubavu. Je, rakaa zake zimepunguzwa? La. Adhuhuri ni nne kwake kama ilivyo kwako. Na katika mwezi huu mtukufu, mgonjwa hula mchana kisha akalipa siku zake atakapopona. Hakuna anayesema amependelewa. Faradhi ni ile ile, njia ndiyo iliyorahisishwa.

Na mtihani ni vivyo hivyo. Maswali ni yale yale, na anayesahihisha ni yule yule. Kusoma Breli kwa vidole huchukua muda mrefu kuliko kusoma kwa macho. Kwa hivyo dakika za ziada si maksi za ziada. Asiyejua jibu hataliokota ndani ya dakika hizo.

ALIYEADHINI ALFAJIRI

Wengi wetu tunamjua sahaba Abdullah ibn Umm Maktum, yule asiyeona. Tunakumbuka Surat Abasa. Lakini tusisahau jambo jingine. Mtume (S.A.W.) alikuwa na waadhini wawili. Bilal alikuwa akiadhini bado usiku, na watu waliamrishwa waendelee kula na kunywa mpaka aadhini Ibn Umm Maktum. Sasa fikirini: mji mzima wa Madina ulifunga kwa sauti ya mtu asiyeiona alfajiri. Aliwezaje? Watu walikuwa wakimwambia kuwa kumekucha, ndipo anaadhini. Wenye macho walimpa habari tu, na kazi akaifanya yeye. Hawakumwambia, "Wewe kaa, tutaadhini sisi."

Na karibu na zama zetu, Sheikh Abdulaziz bin Baz alipoteza uoni wote akiwa kijana wa miaka kama 20. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilipoanzishwa mwaka 1961, yeye alikuwa naibu wa rais wake, na kuanzia 1970 hadi 1975 akawa rais wa chuo chenyewe. Vitabu na barua alisomewa. Msomaji wake hakuwa mwanachuoni badala yake, alikuwa macho yake tu.

SHERIA IPO

Hapa Kenya, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2003. Mwaka 2008 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao unataja pia elimu ya juu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu, na kutumia lugha ya ishara na Breli. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya mahali pa ile ya 2003. Ni jambo jema. Lakini sheria haimwagi saruji, watu ndio humwaga.

Na sisi huku Ukambani tumefunguliwa milango. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, na kilipata hati yake kamili mwaka 2013. Barabara ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imetiwa lami. Mtoto wa Makueni anaweza kufika chuoni bila kupita Nairobi. Lakini ardhi yetu tunaijua. Lami ikiisha unaanza mchanga, na gurudumu likizama kwenye mchanga hata mwenye nguvu hukwama. Mita mia moja za mwisho ndizo zinazoamua kama mtu atasoma au atarudi nyumbani.

TUFANYE NINI?

Wazazi, msiwafiche watoto. Mpelekeni mtoto akapimwe mapema, na asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Shule ijulishwe kabla ya kuandikisha mtihani wa kitaifa, kwa maana Baraza la Mitihani nalo lina mipango ya watahiniwa kama hawa. Barua ya kuitwa chuoni ikija, pale penye swali la ulemavu pajazwe ukweli. Msingoje muhula uanze. Fika ofisini mapema, ueleze unachohitaji, na uombe jibu kwa maandishi.

Vijana, nyinyi mlio vyuoni, mmoja wenu amsomee mwenziwe kurasa kumi kwa siku. Usiukamate mkono wa asiyeona au kusukuma kiti chake mtu kabla ya kumuuliza. Na tuangalie misikiti yetu pia: kiti cha magurudumu kinapita wapi? Kiziwi anapata nini siku ya Ijumaa? Jioni ya futari, nani amebaki nyumbani kwa sababu hakuna aliyemfuata?

Yule kijana wangu hakuhitaji huruma siku ile. Alihitaji karatasi yenye maandishi makubwa, saa mbili kamili asubuhi. Hilo lingewezekana kama mimi ningetoka ofisini nikaenda kutazama.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) azikubali saumu zetu, atusamehe tulipozembea katika amana za watu, na awafanyie wepesi watoto wetu wote katika kutafuta elimu. Amin.