Louise Brooks: nyota aliyeshika kalamu

Msikilizaji, waigizaji wengi wakizeeka hukaa chini wakajisifu. Louise Brooks hakufanya hivyo, ndiyo maana nimemchagua leo.

Alizaliwa Kansas, Marekani, mwaka 1906. Alianza na dansi, akaingia kwenye filamu za kimya kule Paramount, na nywele zake nyeusi zilizokatwa fupi, zikaishia juu kidogo ya nyusi, zikaigwa na wasichana kila pembe. Mwaka 1928 sauti ilikuwa inaingia kwenye filamu. Studio ikamwambia nyongeza ya mshahara aliyoahidiwa hapati. Akitaka abaki na mshahara ule ule, hataki aende zake. Akaenda, tena mbali: Berlin, kwa mwongozaji G. W. Pabst, aliyekuwa akimtafuta mtu wa kuigiza Lulu katika filamu ya Die Büchse der Pandora.

Lulu ni mrembo ambaye mwisho wake ni umaskini na kuuza mwili London, na usiku wa mkesha wa Krismasi anauawa. Brooks anasimulia kwamba kwa sehemu hiyo Pabst alizichukua nguo za Brooks mwenyewe, zile alizozipenda, akazirudisha zimechanika na kujaa madoa ya mafuta, kisha akamwambia azivae. Alikasirika sana, na hasira ile ikaingia naye mbele ya kamera. Ukiitazama filamu, mwone anavyosimama kwenye ngazi za ile nyumba ya London. Pale hamna kujitia.

Paramount walimwita arudi kuingiza sauti katika filamu aliyoiacha nyuma, The Canary Murder Case. Akakataa, sauti yake ikatiwa na mwigizaji mwingine, Margaret Livingston. Hollywood haikumsamehe. Mwaka 1938 alicheza filamu yake ya mwisho, ya wachunga ng'ombe, pamoja na kijana John Wayne. Miaka ya 1940 ilimkuta nyuma ya kaunta ya duka kubwa la nguo New York, na pombe ikawa mwenzake. Mambo hayo hayakuvumbuliwa na wambea. Yeye mwenyewe hakuyaficha.

Mwaka 1956 James Card, mtunza filamu wa jumba la makumbusho la George Eastman, alimvuta hadi mjini Rochester. Huko akatazama filamu za zamani, akaanza kuandika, na kumbe mkono ulikuwa mkali! Makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Lulu in Hollywood mwaka 1982, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Ndani yake haoni haya kuwachambua wakubwa wa studio, marafiki zake, wala yeye mwenyewe.

Lakini hadithi nzima ya maisha yake hakuitoa. Aliwahi kuiandika, akaitupa motoni. Sababu aliitaja waziwazi: bila mambo ya chumbani hadithi hiyo isingekuwa na maana, na binti wa Kansas, jimbo la walokole, hakuweza kuyaandika.