Bei Yako, Achari Yako: Sheria Inalinda Siri Gani?

Maelezo ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa wafanyabiashara wadogo



Akina mama na vijana wanaoomba zabuni chini ya mpango wa asilimia 30 huuliza: nikiandika bei yangu, mshindani wangu hataiona?

Jumla ya bei ataisikia. Husomwa mbele ya wote siku ya kufungua zabuni, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini mchanganuo wa bei hiyo, anayekuuzia mali kwa jumla, na namna unavyotengeneza bidhaa yako ni habari nyingine. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 kinamkataza afisa kutoa yaliyomo kwenye zabuni, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Katazo hilo halikomi zabuni ikishatolewa. Afisa akikunong'onezea bei za wenzako, jua kesho atawanong'onezea za kwako.

Mwananchi naye ana haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inaruhusu ombi kukataliwa iwapo litaumiza sana biashara ya mtu, ila maslahi ya umma yakizidi madhara hayo, habari hutolewa. Unga wenye sumu hauwezi kufichwa kwa jina la siri ya biashara.

Sasa turudi jikoni. Unatengeneza achari ya maembe, na kijana uliyemfundisha anaondoka na vipimo vyako. Hakuna ofisi inayosajili siri. Hataza husajiliwa, hudumu miaka 20, lakini sharti uvumbuzi wenyewe uwekwe wazi. Siri hulindwa mahakamani, na hapo utaulizwa: ilikuwa siri kweli? Kijana alijua amekabidhiwa siri? Ameitumia bila ruhusa? Kama vipimo uliviweka kwenye kundi la WhatsApp la chama, kesi imekufa kabla ya kufika kortini. Na mshindani akinunua chupa yako, akaonja mpaka akagundua mwenyewe, hajavunja sheria.

Kwa hiyo andikianeni kabla ya kumfundisha. Ukurasa mmoja unatosha: taja kilicho siri, atie sahihi, ubaki na nakala. Msimwandikie kwamba hatatengeneza achari maisha yake yote. Mahakama inaweza kulitupa sharti kama hilo, kwani ujuzi wa mikono yake ni wake.