Mtoto wa Watu Wote



Jioni hii nataka kuwasimulia habari ya mtoto mmoja wa Uingereza aliyekufa mwaka wa 1945. Habari hii si ya kupendeza, wala siileti kwenu ili mpate kulia. Naileta kwa sababu ilipotokea watu wa nchi ile walikasirika sana, na hasira yao ilizaa matunda. Lakini hasira ile ilikuja baada ya mtoto kuzikwa. Basi nataka tufikiri pamoja: hasira ya watu ina faida gani, tena ina upungufu gani?

Mtoto huyo aliitwa Dennis O'Neill. Kwao ni Newport, mji wa bandari ulioko Wales. Wazazi wake walikuwa maskini, na nyumba yao haikutunzwa vizuri, hata mahakama ya watoto ikaamua kwamba Dennis na nduguze waondolewe mikononi mwao. Wakatiwa katika ulinzi wa Baraza la Mji wa Newport. Kwa sheria, tangu siku ile, Baraza ndilo lililokuwa kama baba na mama.

Baraza haliwezi kumpikia mtoto uji wala kumfunika blanketi usiku. Kwa hiyo desturi ilikuwa kuwaweka watoto wa namna hii katika nyumba za watu, na mwenye nyumba hupewa posho kila juma kwa kuwalea. Mwezi wa Juni, 1944, Dennis alipelekwa katika shamba moja karibu na kijiji cha Minsterley, katika jimbo la Shropshire, mbali na mji wake. Siku chache baadaye akafuatwa na ndugu yake Terence. Mwenye shamba aliitwa Reginald Gough, na mkewe Esther.

Wakati ule vita vikuu vilikuwa vikiendelea. Makarani walikuwa wachache, na nyumba za kupokea watoto zilikuwa adimu. Nyumba ile haikuchunguzwa kama ilivyopasa, wala mtoto hakutembelewa upesi kama kanuni zilivyotaka. Miezi ikapita. Mwezi wa Desemba, karani mmoja mwanamke alitumwa kutoka Newport kwenda kuwatazama. Alimwona Dennis hana afya, tena ana hofu. Akaandika kwamba yafaa aondolewe. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na yaliandikwa kwa wakati. Lakini karatasi hutembea polepole kuliko njaa. Tarehe 9 Januari, 1945, daktari aliitwa shambani, akamkuta mtoto amekwisha kufa. Umri wake ulikuwa miaka 12.

Madaktari walipoutazama mwili wake waliona kwamba alikuwa amekonda kwa kukosa chakula, miguu yake ina vidonda, na kifua na mgongo vimepigwa. Habari za maisha yake ya shambani zilitolewa mahakamani na Terence, naye alikuwa mtoto wa miaka 10 tu. Alisimama mbele ya watu wazima wasiomjua, akaeleza jinsi walivyolishwa vipande vya mkate, na jinsi nduguye alivyopigwa fimbo kwa kuuma mzizi wa mboga ambao hulishwa ng'ombe. Mwezi wa Machi mahakama iliyokaa Stafford ilimhukumu Reginald Gough kifungo cha miaka sita kwa kuua bila ya kukusudia, na mkewe kifungo cha miezi sita kwa kumtupa mtoto bila matunzo.

Sasa fikirini hali ya watu waliosoma habari hizi. Miaka mitano na zaidi walikuwa wakisoma habari za vita. Kila siku magazeti yalijaa vifo vya maelfu, hata mtu angedhani kwamba mioyo yao imekuwa migumu. Lakini kifo cha mtoto huyu mmoja kiliwagusa. Barua nyingi zilipelekwa kwa wenye magazeti, na wajumbe wa Bunge wakauliza maswali. Kila mtu aliuliza: Imekuwaje?

Katika mambo kama haya, wasikilizaji wangu, watu hugawanyika mafungu matatu, na ninyi mmewaona hata vijijini mwenu. Wa kwanza husema: Mtu yule ni mnyama, na afungwe, na yamekwisha. Wa pili husema: La, kosa ni la wakubwa waliompeleka mtoto kwake. Wa tatu husema: Kosa ni la wazazi waliomzaa, wasiojua kulea. Kila mmoja ameshika kipande cha kweli. Lakini angalieni, wote watatu wanafanana katika jambo moja: hapana hata mmoja asemaye, Pengine kosa langu limo.

Serikali ilimchagua mwanasheria mashuhuri, Sir Walter Monckton, kuipeleleza habari yote. Naye hakutafuta mtu wa kutupiwa mawe. Alitafuta mahali kamba ilipokatika. Akaona kwamba palikuwa na mabaraza mawili, la Newport na la Shropshire, na kati yao palikuwa na barua zisizoeleweka vizuri, hata hapakuwa na mmoja aliyejua wazi kwamba ulinzi wa mtoto ni juu yake. Wahenga wetu walisema, Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Dennis alikuwa na wazazi, alikuwa na walezi, alikuwa na mabaraza mawili, alikuwa na makarani na daftari. Alikuwa mtoto wa watu wote. Na kwa sababu hiyo hakuwa mtoto wa mtu.

Liko jambo jingine nitakalo mlikumbuke. Tarehe 15 Julai, 1944, gazeti la The Times la London lilichapa barua ya bibi mmoja, jina lake Lady Allen wa Hurtwood. Bibi huyu aliwatetea watoto waliokosa nyumba za kwao, akataka mambo yao yachunguzwe. Angalieni tarehe. Siku barua ile ilipochapwa, Dennis alikuwa hajatimiza juma la tatu shambani. Lady Allen hakumjua Dennis, wala hakujua kwamba liko shamba la namna ile. Lakini alikuwa ameona moshi akasema, Kuna moto. Watu wengi wakamwunga mkono, hata Serikali ikaahidi kuunda kamati ya uchunguzi kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo si kweli kwamba hapakuwa na mtu aliyeonya kabla ya msiba. Onyo lilikuwapo. Kifo cha Dennis ndicho kilichowafanya wenye shaka waache shaka yao.

Kamati hiyo iliongozwa na mwanamke, Bibi Myra Curtis. Ilitembelea majumba ya watoto huku na huku, ikatoa maneno yake mwaka wa 1946. Ilihesabu kwamba watoto kama 125,000 walikuwa wakiishi mbali na malezi ya nyumba zao wenyewe. Tena, mtu angedhani kwamba baada ya habari ya Dennis, Kamati ingesema watoto wasiwekwe tena katika nyumba za watu. Haikusema hivyo. Ilisema kwamba mtoto hustawi akipata nyumba ya watu wa kumpenda kuliko akiwekwa katika jumba kubwa pamoja na mamia ya wenzake. Lakini nyumba hiyo lazima ichaguliwe kwa uangalifu, na itembelewe. Hasira husema, Vunja yote. Busara husema, Ziba palipovuja.

Mwaka wa 1948 ikatungwa Sheria ya Watoto. Kila baraza likaamriwa liwe na kamati ya watoto, na afisa mmoja ambaye kazi yake ni watoto hao. Tangu hapo, mtu akiuliza, Mtoto huyu ni wa nani? palikuwa na jina la kujibu.

Basi hasira ya watu ilileta faida. Lakini msidhani kwamba hadithi imekwisha. Watu husahau, au hukumbuka kwa namna isiyofaa. Mwaka wa 1947 redio ya Uingereza ilicheza mchezo wa mwandishi Agatha Christie uliopata mbegu yake katika habari hii, na tangu mwaka wa 1952 mchezo huo, baada ya kukuzwa, ulichezwa jukwaani London miaka mingi sana. Watu wasiohesabika wamekwenda kuutazama ili wajifurahishe, na wengi wao hawakupata kulisikia jina la Dennis.

Tena mwaka wa 1973, katika mji wa Brighton, alikufa mtoto wa kike wa miaka saba, jina lake Maria Colwell. Alikuwa amelelewa na shangazi yake, kisha akarudishwa kwa mamaye, na baba wa kambo akamwua kwa kumpiga. Safari hii majirani walikuwa wamesema. Walimu nao walikuwa wamesema. Lakini huyu alimwambia yule, na yule alimwambia mwingine, na maneno hayakukusanywa mahali pamoja yakafanyiwa kazi. Watu wakakasirika tena kama zamani, na uchunguzi ukafanywa tena. Majuto ni mjukuu, nasi binadamu tuna wajukuu wengi.

Sasa nirudi kwetu. Mtu mmoja ataniambia, Mambo hayo ni ya Ulaya. Sisi mtoto hatumpeleki kwa watu baki, humpeleka kwa ndugu. Ni kweli, na ni desturi njema. Kila mmoja wetu ana mpwa, au mjukuu, au mtoto wa marehemu ndugu yake, aliyelala chini ya dari lake akawa kama wa kuzaliwa. Lakini nawauliza, na kila mtu ajijibu moyoni: Hatukupata kumwona kijijini mtoto wa marehemu anayechota maji alfajiri, wakati watoto wa nyumba bado wamelala? Hatukupata kumwona akila mwisho, akala ukoko? Hatukupata kumwuliza, Mbona una kovu? akatazama chini? Nasi tukapita, tukasema, Hayo ni mambo ya nyumba ya mtu.

Neno hilo ndilo nitakalo tulipime jioni hii. Heshima ya nyumba ya mwenzio ni jambo zuri, maana bila ya heshima hiyo hatungeweza kukaa jirani. Lakini njaa ya mtoto si siri ya nyumba. Mtu akiona paa la jirani linawaka hasemi, Ni paa lake. Hupiga kelele.

Basi tufanye nini? Kwanza, tutazame kwa macho. Mtoto anayekonda siku hata siku, mtoto anayeogopa kurudi nyumbani, mtoto aliyeacha shule bila sababu kujulikana, huyo anasema ijapokuwa kinywa kimefumbwa. Pili, tuulize kwa upole. Mara nyingine mlezi si mkatili, bali ameshindwa: ana watoto wengi, chakula kidogo, wala hana wa kumsaidia. Kibaba cha unga na neno jema huenda vikaokoa nyumba mbili. Tatu, tukiona hatari, tumwambie mtu mwenye amri, na tusikome kwa kusema mara moja. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka wa 2009 inamwekea kila mtu katika jamii wajibu wa kutoa habari kwa Serikali ya mahali pake aonapo haki ya mtoto inavunjwa. Na katika Tanzania na Kenya iko namba ya simu, 116, ya kusaidia watoto. Aliyesema, arudi akaulize: Maneno yangu yamefanyiwa nini? Kumbukeni yule karani wa Newport. Aliona vizuri, akaandika vizuri. Lililokosekana ni mkono wa kumchukua mtoto siku ile ile.

Na nne, tuogope hasira ya kundi. Habari ikienea kwamba mtoto ametendewa vibaya, wako wanaokimbilia fimbo na kuchoma nyumba. Kundi likiisha kutawanyika, kila mtu hurudi kwake akiona kwamba ametenda haki, na mtoto aliyeumizwa husahauliwa katika vumbi. Mwenye kosa ana mahakama. Mtoto ana haja ya chakula, dawa, na mahali pa kulala usiku huo huo.

Terence O'Neill aliishi, akawa mzee, na mwaka wa 2010 kitabu chake cha kusimulia maisha yao kilitoka. Miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita, naye hakumsahau nduguye. Sisi hatuwezi kumfanyia Dennis jambo lo lote. Lakini kesho asubuhi kila mmoja wetu atapita njia yake ya kila siku, na katika njia hiyo huenda akakutana na mtoto. Amtazame vizuri.

Kwa herini.